Msimu wa Mvua Katika Chumba cha Njiti

4 Desemba 1994
Daftari hili nilipewa kwenye semina ya uzazi Mbeya, nikalitunza miezi minne bila kuandika neno. Leo ni Jumapili, mvua imetufungia ndani hapa nyumbani Kizwite, mama yangu anaota moto jikoni. Basi naanza.

Mimi ni Albina, muuguzi mkunga, mwaka wa kumi na nne kazini. Tangu Juni nimekabidhiwa chumba cha njiti pale hospitalini, yaani watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Tuna masanduku sita ya mbao, kila moja lina blanketi na chupa za maji ya moto. Tangu Juni tumepokea kumi na tisa wasiofika kilo moja na nusu, na kumi na watano wamerudi nyumbani wakiwa hai. Mgeni kutoka mkoani alitusifu mbele ya watu. Nilijiona mtu kwa siku tatu nzima.

8 Desemba
Ukungu mpaka saa tano asubuhi. Baridi kali. Chupa tunazibadilisha kila baada ya saa mbili.

12 Desemba
Mvua tu.

15 Desemba
Sabuni imekwisha hospitalini. Madukani mjini zimejaa, za kila rangi na kila harufu, lakini kwetu hakuna. Zamani zilikuja kwa gari kutoka bohari. Siku hizi mama anakuja kujifungua na glavu zake, wembe wake na sabuni yake, na asiye navyo anasimama mlangoni kwa aibu.

Sisi chumbani tunategemea dawa ya njano. Tunaichanganya na maji kwenye chupa kubwa ya kahawia, tunamimina kwenye beseni na kuchovya mikono kabla ya kumshika mtoto. Pamba ya kufutia vitovu nayo tunailoweka humo humo.

19 Desemba
Leo nimepokea mapacha ambao sitawasahau, kwa jinsi walivyokuja.

Mama yao anaitwa Minza, Msukuma, hajafika miaka ishirini na miwili. Yeye na mumewe Bundala wanafuga ng'ombe huko chini ya Mpui. Alijifungulia nyumbani juzi, miezi miwili kabla ya wakati. Walimpandisha mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, kisha lori la mahindi likamleta. Mume alibaki na mifugo.

Nilipomwuliza watoto wako wapi, alifungua khanga. Walikuwa kifuani kwake, wamefungwa ngozi kwa ngozi, wamepakwa samli mwili mzima. Harufu ya samli na moshi ikajaa chumba.

"Shikamoo, sista," alisema. "Huyu Kulwa, huyu Doto."

Nikawapima. Kulwa gramu elfu moja na mia nne, Doto elfu moja na mia mbili na hamsini. Walikuwa na joto zuri, hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Lakini mimi niliona samli tu. Nikawachukua, nikawafuta kwa ile dawa, nikawaweka kila mmoja sanduku lake.

"Sista, huyu mdogo hapendi kuwa peke yake," Minza alisema. "Niachie huyu tu."

Nikamjibu kwa sauti, akina mama wote wakiwa wanakamua maziwa kwenye benchi: "Mama, hapa hospitali. Hapa si zizini."

Walicheka. Yeye alijifunga khanga yake, akaenda kuketi mwisho wa benchi.

21 Desemba
Doto ananyonya kwa kijiko vizuri kuliko Kulwa. Mvua ya mawe mchana.

24 Desemba
Mtoto wa Kristiana amefariki. Kristiana ni mwalimu wa Mpui, huyu ni mtoto wake wa kwanza baada ya mimba tatu kuharibika. Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili, anaongezeka uzito. Jana asubuhi alikataa maziwa, mchana ngozi ikawa ya kijivu na tumbo likajaa, leo alfajiri akaacha kupumua mikononi mwangu. Daktari Adriano alimpa sindano zote tulizo nazo. Hakuna iliyomsaidia.

Kristiana aliniuliza, "Nimekosea nini, dada Albina?"

Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu.

25 Desemba
Noeli. Nilikwenda misa ya kwanza, kisha zamu.

28 Desemba
Mwingine. Vile vile: kukataa maziwa, kijivu, tumbo. Ilichukua siku moja tu.

Kwa miezi sita tumepoteza wanne, kila mmoja kwa sababu tuliyoijua. Sasa wawili ndani ya siku nne, na sababu hatuijui. Daktari Adriano anasema ni vijidudu vimeingia kwenye damu, na vimetokea humu humu, si tumboni kwa mama zao. "Tafuta vimeingiaje," aliniambia.

Nadhani nimejua.

29 Desemba
Nilimwita Minza mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba kabla yake chumba kilikuwa salama, kwamba mtu anayekaa na ng'ombe na kupaka watoto samli analeta vijidudu, na kwamba kuanzia leo haingii chumbani. Atakamua maziwa nje, kwenye varanda, nesi atayapokea mlangoni.

"Mimi nanawa, sista," alisema. "Nina sabuni yangu."

Kweli alikuwa nayo, kipande cha sabuni ya mche kwenye pindo la khanga. Alikitoa akakionyesha. Nikamwambia aondoke mlangoni.

Mchana nilipopita, wenzake walikuwa wamehama benchi la varandani. Alikuwa peke yake, ameelekea ukuta, anakamua. Nesi Rhoda, msaidizi wangu, alinitazama, kisha akainamia kazi yake. Nilifikiri ananiogopa.

1 Januari 1995
Doto amekataa maziwa.

3 Januari
Doto amefariki saa tatu asubuhi. Mama yake alikuwa varandani. Rhoda ndiye aliyekwenda kumwambia, mimi nilijifanya naandika faili. Nilimsikia Minza akiuliza, "Naruhusiwa kuingia sasa?"

Barabara ya Mpui haipitiki na mume hajafika. Mzee Leonsi, mhudumu wetu wa kuni na maji, ambaye pia huwachimbia makaburi watoto wanaofia hapa, alimbeba Doto akaenda kumzika. Minza hakumfuata. Alisema akitoka pale, nani atabaki na Kulwa.

4 Januari
Bundala amefika asubuhi, tope mpaka mapajani, ametembea. Minza aliongea naye Kisukuma kwa muda mfupi, kisha akaja mlangoni.

"Nipe huyu aliyebaki."

Nikamwambia mtoto wa kilo moja na nusu akitoka kwenye joto letu atakufa njiani. Bundala akasema kwa upole, "Sista, hata humu wanakufa." Waliweka dole gumba kwenye karatasi ya kuondoka kwa hiari. Minza akavua blauzi pale pale, akamfunga Kulwa kifuani, wakaondoka kwenye manyunyu.

Kwenye faili niliandika: *Mama mchafu, mkaidi, amekataa matibabu.*

Nikasema moyoni, sasa chumba kitapona.

9 Januari
Mwingine amefariki.

11 Januari
Rhoda na mimi tumesugua masanduku yote kwa dawa. Tumesugua sakafu na vijiko na mirija ya kulishia, vyote kwa dawa.

14 Januari
Wa tano. Mtoto wa kike, gramu elfu moja na mia moja, alikuwa na nywele nyingi.

Tulipokuwa tunamfunga shuka, Rhoda alisema bila kuinua macho, "Sista, yule mama hayupo sasa siku kumi."

Nikamwambia vijidudu vinaweza kubaki ukutani. Akasema, "Ndiyo, sista." Alivyosema "ndiyo" nilitaka sakafu ipasuke.

16 Januari
Daktari Adriano amefunga chumba. Watoto wawili waliobaki hatuna pa kuwaweka, wodi ya wazazi imejaa na masanduku haturuhusiwi kuyagusa. Kwa kukosa njia nyingine amesema mama zao wawafunge kifuani, vitandani.

Ametoa mirija midogo ya vipimo, tuchukue sampuli za kila kitu tupeleke maabara Mbeya, pamoja na damu ya yule mtoto wa mwisho. Tulichukua kwenye masanduku, vijiko, mirija ya kulishia, viganja vyetu wenyewe. Rhoda akanyoosha mkono kwenye chupa ya kahawia.

"Hiyo ni dawa," nilisema. "Dawa haipimwi."

"Nijaze tu mrija huu, sista. Umebaki mmoja."

Nilimwambia aache. Alijaza. Nilijua kwa nini sikutaka aijaze, na hapa sitaki kuandika.

20 Januari
Wale wawili wa vifuani wote wameongezeka uzito.

23 Januari
Mvua. Barabara ya Mbeya imekatika upande wa Laela. Mahindi yetu yamefika kiunoni.

27 Januari
Wameongezeka tena. Daktari anasema joto lao ni zuri kuliko la masandukuni.

2 Februari
Majibu yamekuja. Damu ya mtoto ilikuwa na kijidudu kimoja, na kijidudu hicho hicho kimeota kwenye sampuli ya chupa ya kahawia. Kwenye dawa. Viganja vyetu vilikuwa nacho pia. Sisi sote tuliochovya.

Sasa niandike.

Nimerudi kusoma kurasa za nyuma. Tarehe 12 Desemba nimeandika "Mvua tu." Siku ile Mzee Leonsi alinijia saa moja asubuhi. Alisema kuni zimelowa, moto hauwaki, maji ya kuchemsha yanatosha chupa za joto peke yake, hayatoshi ya kuchanganyia dawa. Aliuliza kama asubiri jua. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Chota kwenye tangi la mvua. Dawa yenyewe inaua vijidudu, maji yatakuwa na nini?" Akasema, "Sista, tangi lile halijaoshwa tangu kiangazi." Nikamwambia afanye anavyoambiwa.

Na dawa yenyewe tulikuwa tunaipunguza makali ili ifike mwisho wa mwezi. Hilo pia niliamuru mimi. Na chupa ilipokaribia kuisha hatukuiosha, tuliongezea juu ya iliyobaki. Siku baada ya siku. Nilifundishwa chuoni kwamba dawa iliyozimuliwa haikai zaidi ya siku moja na chupa lazima ichemshwe. Nimewafundisha wengine maneno hayo, kwa chaki, ubaoni.

Kila tulipochovya mikono tukidhani tunajisafisha, tulikuwa tunakibeba kijidudu. Dawa hiyo hiyo tuliipaka vitovuni. Nilimfuta Doto nayo siku ya kwanza, mwili mzima, nikimwondolea samli ya mama yake. Tarehe 11 Januari nimeandika kwa fahari kwamba tumesugua kila kitu.

Nilijua lini? Sijui jibu la kweli. Nilijua Rhoda aliposhika chupa. Huenda nilijua kabla. Tarehe 29 Desemba nilipokuwa napiga kelele, nadhani kelele ile ilikuwa ya kufunika kitu.

3 Februari
Nimeshindwa kula. Mama ameniuliza nimefiwa na nani.

8 Februari
Kamati ya hospitali ilikaa leo. Watu saba mezani. Daktari Adriano alisoma majibu ya Mbeya, akaeleza upungufu wa sabuni, wa kuni, wa dawa, na yote aliyosema ni kweli. Kisha mwenyekiti akauliza maji ya kuchanganyia dawa huletwa na nani.

Wakamwita Mzee Leonsi. Aliingia ameshika kofia yake. Amefanya kazi hapa tangu kabla sijazaliwa kikazi.

"Mzee, maji ulichota wapi?"

"Kwenye tangi."

"Bila kuchemsha?"

"Bila kuchemsha."

"Kwa nini?"

Alikunja kofia yake mikononi. Hakunitazama. Nilikuwa nimeketi hatua tatu kutoka kwake, nikisubiri aseme jina langu ili nilazimike kujibu. Hakulisema. Mwenyekiti akasubiri, akasema basi, mzee apumzishwe kazi mpaka barua itoke.

Leonsi alisema, "Asanteni." Akatoka.

Nami nilinyamaza. Watoto watano niliwaua kwa uzembe, lakini hili nililifanya kwa akili timamu, mchana kweupe, kalamu mkononi.

9 Februari
Nilikuwa mlangoni kwa Daktari Adriano kabla hajafika. Nilisimama, sikukaa. Nilimwambia yote: kuni, tangi, maneno yangu, kupunguza makali, kuongezea juu. Nilimwambia kuhusu Minza pia.

Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Niliogopa."

"Leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi."

Akasema angeweza kuandika ripoti bila majina, hali ilikuwa ngumu kwa wote. Nilitamani sana iwe hivyo, siwezi kusema uongo hapa. Nikamwomba aandike jina langu na amrudishe mzee.

Mchana nikaenda nyumbani kwa Leonsi. Mkewe alinifungulia, akaingia ndani bila kunisalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kwa nini hukunitaja jana?"

Alifikiri. "Niliona wewe utasema," alisema. "Nikakusubiri." Kisha: "Siku moja si nyingi, sista. Lakini mke wangu alilia usiku kucha, nami sikuwa na la kumwambia."

13 Februari
Nimeondolewa usimamizi wa njiti. Rhoda ameshika. Mimi niko wodi ya wanaume, kwenye vidonda. Leonsi amerudi kazini. Wanasema barua yangu ya onyo inakuja.

Nilimwambia Rhoda samahani. Akasema, "Hata mimi nilichovya mikono humo, sista." Lakini yeye ndiye aliyejaza mrija.

17 Februari
Niliomba faili la Kulwa na Doto. Nimekata maneno yangu kwa mstari mmoja, ili yaendelee kusomeka, nikaandika chini yake kilichotokea na sahihi yangu.

1 Machi
Jumatano ya Majivu. Padre alinipaka majivu kama wengine. Nilikuwa nimeungama Jumamosi. Alinipa rozari tatu. Nikatoka kanisani nikijua kwamba kwa watu wenyewe sijaenda.

11 Machi
Nimekwenda. Lori la mbolea mpaka Mpui, kisha miguu. Nilianza kwa mwalimu Kristiana, alikuwa shambani anapalilia ulezi. Nilimwambia nikiwa nimesimama tutani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikukosea mimi," alisema.

"Hukukosea."

"Miezi mitatu nimekuwa nikijihesabia nilichokula." Akainama, akaendelea kupalilia. Baadaye akasema, akiwa bado ameinama, "Nenda, dada Albina. Leo siwezi kukutazama."

Kwa Bundala nilifika saa tisa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba Kulwa alifia njiani. Minza alitoka nyumbani na khanga imevimba kifuani, na juu ya khanga kuna kichwa, na kichwa kina mashavu.

Bundala alileta kigoda. Nilieleza yote. Minza alimtafsiria mama mkwe wake sentensi kwa sentensi kwa Kisukuma, kwa hiyo nilikuwa nasema, kisha nasubiri, kisha namsikia akisema tena nilichosema. Maneno "hapa si zizini" niliyasema mwenyewe. Alisita kabla ya kuyatafsiri, kisha akayatafsiri.

Yule bibi alitema mate chini, akaingia ndani.

"Umekuja kuniambia mimi," Minza alisema. "Wale wa benchi umewaambia?"

Nikasema wameshatawanyika, na nitawatafuta.

"Walihama," alisema. "Nilikuwa na maziwa yanatoka na hakuna aliyetaka kukaa karibu. Mimi mwenyewe niliamini. Nilipofika hapa nilijisugua kwa majani mpaka ngozi ikatoka damu, ndipo nikamshika huyu."

Bundala alisema jambo kwa Kisukuma. Minza akatikisa kichwa.

"Doto mlimweka wapi?"

Sikujua. Watoto wa hospitali hawawekewi msalaba. Sikuwahi kuuliza hata kuhusu mmoja wao.

"Tafuta," alisema. "Nitakuja."

12 Machi
Nilimwuliza Leonsi. Akasema anajua, wote anawajua, kila mmoja.

19 Machi
Nimewapata wawili wa benchi, mmoja Kizwite, mmoja sokoni. Wa sokoni alinisikiliza mbele ya wateja wake, akasema, "Na mimi nilicheka siku ile." Akafunika nyanya zake kwa gunia, akakaa.

25 Machi
Minza amekuja leo na Kulwa, kwa lori, bila mumewe. Tulimkuta Leonsi ameshafyeka njia. Makaburi ya watoto wa hospitali yako mteremkoni nyuma ya mikalitusi, nyasi zimefika magotini kwa hii mvua. Leonsi alihesabu kutoka kwenye jiwe, akasogea hatua nne, akainama akashika ardhi kwa kiganja.

"Hapa. Nilimlaza kichwa huku, mlimani. Nilimfunga shuka safi. Sikumpata mtu wa kuomba, nikasema mwenyewe Baba Yetu."

"Asante, baba," Minza alimwambia.

Hakulia. Mimi nilikuwa nyuma, nilidhani kazi yangu imekwisha, nikaanza kurudi nyuma taratibu niwaachie nafasi.

"Sista." Hakugeuka. "Njoo umwambie na yeye."

"Nani?" niliuliza.

"Umeniambia mimi, umemwambia daktari na mwalimu. Doto hujamwambia. Alikuja hapa msafi. Mwambie."

Leonsi alivua kofia. Nilipiga magoti kwenye nyasi mbichi. Kisha nikamwambia jina langu, kwa kuwa hakuwahi kulijua. Nikamwambia kwamba alikuja ana joto na ananyonya vizuri, mama yake hakuleta uchafu wowote, mimi ndiye niliyemfuta samli nikampaka ugonjwa kwa mikono hii. Nilitaka kuongeza kwamba kuni zilikuwa zimelowa. Sikuongeza.

Niliponyamaza Kulwa alianza kulia, njaa. Minza akaketi pale pale kwenye majani karibu na kaburi, akafungua khanga, akamnyonyesha. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nikae.